Upande wa Kushoto ni wa Anayetembea

Mwanangu,

Usicheke. Au cheka kwanza, halafu uendelee kusoma. Najua mimi ni bintiyo, niko kidato cha tatu, na bado naomba ruhusa kabla ya kuchukua kalamu yako mezani. Lakini nina jina la mamako. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa babake, na kwa sababu hiyo mimi ni Wanjiru, na tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni umeniita Maitu, mama yangu. Ulikuwa ukirudi kutoka gereji unasimama mlangoni na kuuliza, "Maitu ameshinda aje?" Wageni walidhani unauliza habari za Cucu, yaani bibi yangu, kumbe unauliza habari za mtoto anayetambaa chini ya meza. Na siku uliponikaripia kwa kumwaga uji, Cucu alikuuliza ni lini ulianza kumkaripia mama aliyekuzaa. Ukaenda kuchukua kitambaa ukapangusa uji mwenyewe.

Leo nataka kulitumia jina hilo. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Lodwar, kwenye karakana ya wajenzi wa barabara, na mtoto akiondoka nyumbani mzazi wake humwambia neno. Babako alifariki ukiwa mdogo. Mamako amelala pale nyuma ya migomba. Nimebaki mimi. Ana kwa ana siwezi. Unanijua, hata darasani nikiulizwa jambo ninalolijua, sauti yangu hupotea. Kwa hivyo naandika, nikiwa nimekaa kitandani, na nimemwomba Mama akupe karatasi hizi asubuhi pamoja na chai.

Sitakuambia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala kupiga simu kila Jumapili. Mama anakuambia hayo sasa hivi, nawasikia kupitia ukutani. Ameweka blanketi la pili ndani ya begi, wewe umelitoa ukisema kule ni joto, yeye amelirudisha. Mwache. Acha libaki ndani ya begi.

Mimi nataka kuzungumza juu ya taa.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya gereji yako kule Ruiru ni ukuta. Ule ukuta wa mawe uliopakwa chokaa, wenye mistari ya chaki. Ulikuwa ukiliweka gari la mteja mbele yake, mahali palipo sawa, unapima upepo wa tairi zote, kisha unanipandisha kwenye kiti cha dereva. Nilikuwa mwepesi mno, kwa hivyo ulinipakatisha gunia dogo la mahindi. Ulisema taa hairekebishwi gari likiwa tupu, kwa sababu barabarani gari haliendi tupu, na mtu akikaa, gari hulala nyuma kidogo na taa huinuka. Wewe ulisimama mbele na bisibisi. "Maitu, washa." Niliwasha. "Zima." Nilizima. Mteja akiharakisha, ulimwambia angoje umuulize mamako kama imekaa sawa, halafu ukaniuliza kwa uso usiocheka, na mimi, miguu yangu haifiki chini, nikaangalia ukuta na kusema bado kidogo. Wateja wengi walicheka. Wengine walikasirika. Lakini ulikuwa kweli ukiangalia tena.

Ulinieleza kwamba kila taa ya mbele ina shingo. Ndivyo ulivyoiita, na mpaka leo sijui jina lingine: skrubu ndefu inayotoka nyuma ya taa, yenye kichwa cha mviringo kama ushanga mkubwa, na kichwa hicho kimekaa ndani ya kikombe kidogo cha plastiki. Ukizungusha skrubu, taa inainamisha uso au inainua. Gari likizeeka, joto la injini hukausha ile plastiki mpaka inakuwa kama ganda la yai. Siku moja linapita kwenye shimo, kikombe kinapasuka, na taa inabaki ikitikisa kichwa. Hakuna aliyekuwa na subira ya kutengeneza kitu hicho. Wengine waliuza taa nzima. Wewe ulichonga kikombe kipya kutoka kwa nailoni ya vibao vya kukatia mboga, ukakitia ndani ya maji moto ya thamosi mpaka kikalainika, ndipo ukakisukuma kichwa cha skrubu kikaingia bila kupasua. Wenzako waliita maji hayo chai ya taa. Wewe hukujali. Ulisema plastiki ni kama mtu aliyeudhika: ukilazimisha ikiwa baridi, umevunja.

Na kuna jambo ulilonifundisha ambalo nimelikumbuka mwaka huu wote kuliko lolote nililosoma. Ulipokwisha kukaza, ulinionyesha umbo la mwanga ukutani. Upande wa kulia ulikaa chini. Upande wa kushoto uliinuka kidogo, kama nyusi. Nilidhani umekosea. Ukasema hapana, sisi tunaendesha kushoto. Kulia kuna dereva mwenzako anakuja, usimpige machoni. Kushoto ndiko ukingo wa barabara. "Upande wa kushoto ni wa anayetembea," ulisema. "Huo ukiukosea, Maitu, umemwacha mtu gizani."

Sasa tuje kwa gari letu.

Lile gari ni kuukuu kunishinda mimi. Shingo zote mbili zilivunjika mwaka mmoja, moja baada ya nyingine, na wewe ukasema utazitengeneza Jumapili. Jumapili ilifika na jirani akaleta pikapu lake. Jumapili nyingine kulikuwa na harusi. Ukatafuta kitu cha kushikilia kwa muda, na Cucu akakupa patipati yake ya buluu, ndara ya mpira iliyokuwa imekatika kamba. Ukaikata kipande, ukakisukuma nyuma ya taa ya kushoto, ikakaa. Ya muda ikawa ya kudumu. Kila lilipopita kwenye shimo kipande kiliteleza, ukashuka, ukapiga taa ngumi, ukaingia tena. Mwishowe ya kushoto ilikuwa ikimulika matawi ya miti ya mukima na ya kulia ikimulika bampa yake yenyewe. Cucu alisema, "Hii gari yako jicho moja linaomba Mungu na lingine linatafuta shilingi iliyoanguka." Alisema hivyo mbele ya watu wa kanisa. Watu wakacheka, na nilikuona umeangalia kando.

Asubuhi ile ya mkutano wa akina mama kwa Mama Njoki, jirani yetu wa njia ya Ruiru, ninaikumbuka kwa sababu nilikuwa nikisoma mezani na nilijifanya sisikii. Ulimwambia Cucu kwamba ukirudi kutoka Ruiru utampitia kule umlete nyumbani. Ulikuwa umechoka. Siku iliyotangulia ulikuwa umelala chini ya lori la mtu mpaka mgongo ukakauka. Cucu akasema hatapanda gari lisiloona. Akasema unatengenezea Ruiru nzima macho na lako umeliacha kipofu. Hakusema vibaya, alisema akiwa na kikombe mkononi, vile alivyokuwa akisema kila kitu. Na wewe ukamjibu.

"Kama gari yangu haikufai, tembea."

Cucu aliweka kikombe chini. "Nitatembea. Miguu yangu inaangalia mbele."

Mimi nilicheka. Mama alicheka. Wewe ulichukua ufunguo ukatoka.

Jioni ulifika nyumbani peke yako. Hukumpitia, kwa sababu alikuwa amesema atatembea, na labda kwa sababu ulitaka akutafute kwanza. Sijui. Ulinawa mikono, ukauliza kama Cucu amefika. Nikasema bado. Ulikuwa ungali umesimama na taulo Mama Njoki alipopiga simu kwamba kuna pikipiki isiyo na taa imemgonga Cucu hapa karibu na lango lake, pale kwenye mti wa mukima uliokatwa, na anapumua.

Siwezi kuandika sana juu ya hospitali ya Thika. Wewe ulikuwepo. Ila kuna wakati mmoja hukuwepo, na ndio sababu ya barua hii.

Ilikuwa alasiri, saa ya kuwaona wagonjwa. Ulikuwa umetumwa kutafuta dawa mjini. Mama alikuwa akizungumza na muuguzi. Nilikuwa nimekaa karibu na kichwa cha Cucu, na nilidhani amelala. Akafungua macho akaniita vile alivyoniita siku zote tukiwa wawili, Mimi Mdogo. Nikainama. Alisema polepole, na alipumzika kati ya maneno, lakini akili yake ilikuwa yake. Nayaandika vile alivyosema, kwa Kiswahili badala ya Kikuyu.

Alisema aliliona gari lako. Alikuwa ameshatoka langoni na kufika barabarani, na giza lilikuwa limeanza, na akaona mwanga unakuja juu ya miti. Akajua ni wewe. Hakuna gari lingine kijijini kwetu Murera linalomulika ndege. Akasimama kando, upande wa kushoto, akainua mkono.

"Hakuniona," akasema. Kisha akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo, kwa sababu ule mwingine ulikuwa umevimba. "Kile kipande cha patipati yangu kimechoka."

Akashika kidole changu.

"Angeniona angesimama."

Basi. Akafumba macho, na asubuhi iliyofuata tuliambiwa hayupo.

Alasiri ileile ulirudi na dawa ndani ya mfuko wa karatasi, ukanikuta nimeshika mkono wake, ukaniuliza amesema nini. Nami nikasema, "Amelala tu."

Baba, nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hivyo. Sikuwa nimepanga. Nilikuangalia usoni nikaona kwamba bado hujui kama ulimpita au hukumpita. Kulikuwa na nafasi kwamba ulifika nyumbani kabla yeye hajatoka langoni. Kama ningekuambia maneno yake matamu, ningekuambia pia kwamba alikuwa amesimama pale, ameinua mkono, na wewe ukapita. Sikuweza kukupa moja bila kukupa lingine. Nikaona afadhali nifunike yote mawili. Katika vitabu ninavyosoma, mtu akiwa na neno la kusema, kurasa chache mbele analisema. Mimi nililala nalo kitandani, nikalibeba shuleni, na kila siku iliyopita ilifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Na wewe ulianza kutafuta peke yako. Ulimwuliza Mama Njoki mkutano uliisha saa ngapi. Wiki chache baadaye ukamwuliza tena. Sasa akikuona unakuja huingia ndani, si kwa ubaya, ni kwamba hana jibu jipya. Ulilisukuma gari mpaka nyuma ya ghala, ukalifunika turubai, ukasema litauzwa vyuma. Ukaanza kwenda Ruiru kwa miguu mpaka barabara kubwa. Nikaja gereji nikakuta wateja wanarudi kulalamika kwamba taa ulizotengeneza zinamulika vidole vya gari tu. Mmoja akakuuliza, "Fundi, unataka niendeshe nikiwa nimeshika tochi?" Zamani ungemjibu kwa mzaha mpaka akasahau hasira yake. Siku hiyo ulichukua bisibisi, ukainua taa kidogo, ukamrudishia ufunguo.

Kuna jioni moja nilichelewa kutoka shule, nikashukia njia panda na kuja kwa miguu. Nilikuona kabla hujaniona. Ulikuwa umesimama pale kwenye kisiki cha mukima, upande wa kushoto, umevaa koti jeusi. Gari likaja. Uliinua mkono. Gari likapita. Ukabaki na mkono juu. Likaja lingine, ukainua tena. Mwanzoni nilidhani unatafuta usafiri. Kisha nikaelewa kwamba ulikuwa ukitafuta ni gari gani litakuona. Niliingia ndani ya shamba la kahawa nikazunguka kwa nyuma, nikafika nyumbani nimechanika soksi, na nikasema nilianguka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikuota ukiwa pale. Katika ndoto mimi ndiye ninayeendesha, na gunia la mahindi liko mapajani, na siwezi kuona ukuta.

Na jambo lingine, dogo, huenda hukuligundua wewe mwenyewe. Tangu tulipomzika, hujaniita Maitu. Unaniita Ciru, kifupi cha Wanjiru, kama wanavyoniita watu wote. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Sasa ukiniita Ciru, nasikia mahali ambapo lile jina lingine lilikuwa likikaa. Ni kama mmewazika wawili.

Mama anaamini unakwenda Lodwar kwa ajili ya kazi, na kazi ni nzuri, sikatai. Lakini nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwamba kule barabara ni tambarare na hakuna watu wanaotembea jioni. Nikaelewa kwamba unahama ile barabara. Ndiyo maana sikuweza kungoja tena. Ukiondoka bila kujua, hutarudi. Utatuma pesa, utapiga simu Jumapili, utasema likizo imeahirishwa. Nyumba itabaki na watu wanaokungoja, na wewe utakuwa umesimama kule mbali ukiwa umeinua mkono.

Sasa niache niwe mamako kwa kurasa hizi zilizobaki. Sijui kama ninaruhusiwa, lakini hakuna mwingine wa kumwomba ruhusa.

Mwanangu, nilikuwa mkaidi. Nilikuwa na simu ndani ya mkoba na sikukupigia, kwa sababu nilitaka unipigie wewe kwanza. Mama Njoki aliniambia ningoje kijana wake anisindikize, nikakataa. Nilivaa koti langu la buluu iliyoiva, lile la kanisa, ambalo jioni halionekani kabisa, na leso yangu nyeupe niliikunja nikaiweka mfukoni isichafuke. Nilitembea magari yakija mgongoni mwangu, ilhali nilikuwa nimewafundisha watoto wote wa Murera watembee wakiyaangalia. Mdomo wangu nao ulikuwa mwepesi. Ningeweza kukuambia habari za ile taa tukiwa wawili. Niliisema mbele ya watu wa kanisa kwa sababu kicheko chao kilinipendeza. Hayo yote ni yangu. Wewe umeyabeba pamoja na yako kana kwamba mimi sikuwa mtu mzima barabarani siku ile. Nirudishie yangu.

Yako pia yapo. Ningekuwa mzazi wa uongo kukuambia hukukosea kitu. Ulijua shingo zimevunjika, na wewe ndiye uliyekuwa ukizifufua za wenzako. Uliitengeneza kila taa isipokuwa ile iliyokuwa ikikuleta nyumbani kwangu. Tena uliniambia nitembee. Lakini lile lilikuwa neno la kwenye chai. Unadhani mama aliyekulea peke yake tangu ukiwa wa kubebwa hajasikia maneno makali kuliko hayo kutoka kwako? Uliwahi kuniambia hutakula chakula changu mpaka ufe, ukiwa na miaka sita, na ukala kabla ya giza kuingia. Nilipoinua mkono barabarani sikuwa nikiwaza habari za asubuhi. Nilikuwa nikiwaza kwamba miguu inauma na kijana wangu huyo anakuja.

Angeniona angesimama. Sikufikiri lingine. Hilo ndilo nililokwenda nalo.

Nimesita kidogo hapa, Baba. Mama ameingia kuniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo. Ameangalia karatasi hizi. Amekaa kidogo mwisho wa kitanda, akanikunjia kola, akatoka.

Nina jambo moja la kukiri kama bintiyo, na ni la kuchekesha kuliko lile la kwanza. Kile kibao cha kukatia mboga ambacho Mama alikuwa akikitafuta tangu likizo ya Aprili, ninacho mimi. Au ninazo pembe zake zilizobaki. Siku ulizokuwa gereji nilikuwa nikienda nyuma ya ghala, nainua turubai, nafungua boneti. Nilikumbuka mengi kuliko nilivyodhani. Skrubu zilikuwa na kutu, nikazitia oili nikaziacha zilale na oili yake. Kikombe cha kwanza nilichokichonga nilikilazimisha kikiwa baridi, kikapasuka vipande viwili mikononi mwangu, na nikasikia sauti yako ikiniambia habari za mtu aliyeudhika. Cha pili nilikitia ndani ya thamosi. Nilikaa karibu nayo nikisoma fizikia, mambo ya miale na vioo, mpaka nilipoona kimelegea. Kiliingia kwa mlio mdogo tu, kama mtu anavyofunga mdomo.

Nilipotoa ile taa ya kushoto, kipande cha patipati kilianguka miguuni mwangu. Bado ni buluu. Upande mmoja una alama ya kidole gumba cha Cucu, pale mpira ulipobonyea kwa miaka ya kuvaliwa. Nilikaa chini na nikalia pale, nikishika mdomo ili kuku wasishtuke. Nimekihifadhi. Kiko ndani ya kisanduku changu cha jometri, na ukikitaka nitakupa, lakini kisirudi kwenye gari.

Jana ulipokwenda kuaga watu wa gereji, mimi na Mama tulilisukuma gari mpaka mbele ya ukuta wa ghala. Alikuwa ameshajua, kwa sababu ya kibao. Jirani alitusaidia na betri. Nilipima upepo. Nilimkalisha Mama kwenye kiti cha dereva, na hakuhitaji gunia; nilimwambia hivyo na akanitupia ufunguo. Nikachora mistari ya chaki. "Washa." Akawasha. Kulia nikashusha. Kushoto nikainua kidogo, kama nyusi. Nikarudi nyuma nikaangalia, nikaenda mbele nikaangalia. Sikuwa na wewe wa kuniuliza kama imekaa sawa. Nikajiuliza mwenyewe, nikasema bado kidogo, nikazungusha tena, ndipo ikakaa.

Kwa hivyo ninakuomba jambo moja. Umemwambia yule kijana wa bodaboda aje akuchukue akufikishe Thika kwenye lori la kampuni. Nimempigia, nimemwambia alale. Ufunguo wa gari uko chini ya kikombe hiki cha chai. Mama atakaa kando yako, na kutakapopambazuka atalirudisha mwenyewe. Alijifunza kuendesha kwa gari hilihili na hajasahau, ingawa utamwambia amesahau. Endesha wewe mpaka Thika. Najua hujaendesha gizani tangu siku ile. Nenda polepole, hakuna anayekufukuza.

Utatoka langoni, utapita duka, utapita pale barabara inapopinda kwenye kahawa. Usiangalie juu ya miti. Hakuna kitu huko tena. Angalia ukingo wa barabara.

Mimi sitakuwa nyumbani unapoisoma barua hii. Mama anajua niliko, na Mama Njoki pia anajua. Ameahidi kusimama langoni kwake na tochi yake imezimwa. Nitakuwa pale mkabala na kisiki, upande wako wa kushoto. Nimevaa lile koti la buluu, linanifika magotini. Leso nyeupe nimeiacha mfukoni makusudi, kama alivyoiacha yeye. Sitawasha simu. Sitaita. Nitainua mkono tu.

Utaniona, Baba. Nimeipima mwenyewe.

Ukiniona, simama unibebe.

Maitu